Nani amekula, nani amekosa: jibu kwa binti wa Tongoni

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Tongoni, Tanga. Nimemaliza shahada ya kwanza ya sosholojia na nimepata nafasi ya kuendelea na uzamili. Nataka utafiti wangu uhusu sera ya mazingira na mfumo wa chakula hapa kwetu pwani. Baba yangu ni mvuvi, mama ni mchuuzi na mkaangaji wa samaki. Baba ananiuliza: samaki wana wataalamu wao, hifadhi ina wataalamu wake, wewe wa sosholojia utatuambia nini tusichokijua? Na chuoni nako nimeambiwa mada hii ni ya watu wa maliasili au wa lishe. Je, hii kazi ni yetu kweli? Na kama ni yetu, nianzie wapi?

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kufika hapo. Naanza na swali la baba yako kwa sababu ndilo gumu. La chuoni nitalijibu baadaye, nalo halitachukua nafasi kubwa.

Mtaalamu wa samaki atamweleza baba yako changu anahitaji muda gani mpaka azae, na kwa nini tumbawe lililovunjwa na baruti haliponi upesi. Mtaalamu wa lishe atamweleza mama yako mtoto anahitaji nini kwenye sahani. Hizo ni elimu za kuheshimiwa, na bila hizo sisi tungekuwa tunapiga soga tu. Lakini kati ya samaki aliyeko majini na sahani ya mtoto kuna watu wengi: mwenye chombo, nahodha, mabaharia, dalali, tajiri wa barafu, mchuuzi wa baiskeli, mkaangaji, afisa uvuvi, mkusanya ushuru, mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi), mume, mke, mama mkwe. Kila mmoja ana haki zake, madeni yake na kiasi chake cha nguvu ya kukataa. Sheria ya mazingira ikiingia katikati yao, inahamisha chakula kutoka sahani hii kwenda sahani ile. Nani amepata, nani amekosa, na kwa nini aliyekosa hakuwepo kwenye kikao? Maswali hayo hayana mwenyewe katika idara ya samaki wala ya lishe. Ni yetu.

Msimamo wangu katika kazi hii, baada ya miaka mingi ya kuifanya, ni huu: kila sera ya mazingira ni sera ya chakula, hata pale ambapo chakula hakikutajwa popote ndani yake. Ukilishika hilo, una utafiti.

Chukua jambo lililo mlangoni kwenu. Kuanzia mwaka 2004 hivi wavuvi wa Tanga walianza kunasa silikanti kwenye jarife, yaani wavu mkubwa wa papa. Ni samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka tangu zama za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Anakaa kwenye mapango ya kina kirefu, na nyavu za papa zikishushwa huko chini zinamchukua. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoanzia upande wa Pangani na kupita jiji la Tanga kuelekea kaskazini. Kijiji chenu kimo, Kigombe na Mwarongo vimo. Sasa fikiria: silikanti hana soko. Nyama yake ina mafuta mengi na haipendwi. Samaki ambaye hakuna mtu wa Tongoni anayemtia chunguni ndiye aliyekuwa sababu ya kanuni mpya juu ya maji yanayotoa changu, tasi, vibua na pweza wa kila siku.

Sisemi hifadhi ni mbaya. Silikanti anastahili kulindwa, na matumbawe ya Tanga yalihitaji ulinzi kabla hata ya silikanti kuonekana. Ninachokuonyesha ni mahali pa kusimama na kuuliza. Jarife likizuiwa, mwanabiolojia anahesabu silikanti waliosalimika, na afanye hivyo. Wewe unauliza: majarife ya kijiji yalikuwa ya nani? Mwenye jarife alihamia mtego gani, na aliyekuwa baharia wake alikwenda wapi? Papa na taa waliokuwa wakitiwa chumvi na kuanikwa walikuwa wakipelekwa wapi, na nani huko bara alikuwa akiwala kwa sababu hawezi kununua samaki wabichi? Ukifuata swali hilo la mwisho kwa uaminifu utajikuta kwenye soko la Muheza au Korogwe, mbali na maji ya chumvi, ukizungumza na mama ambaye hajawahi kusikia habari za silikanti lakini mboga yake imebadilika.

Mkoa wetu una ushahidi wa zamani wa jambo hili, tena mzito. Panda Lushoto. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ambao baadaye ulipanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Walichokiona wataalamu kilikuwa kweli: milima ile ina mteremko mkali, na mvua kubwa ikinyesha udongo unashuka mtoni. Dawa yao ilikuwa matuta, kwa amri. Mlipa kodi atengeneze matuta ya kiasi kilichowekwa, na asiyetengeneza aadhibiwe.

Kwenye makaratasi ya ofisi ile ilikuwa sera ya udongo. Kwenye nyumba za Wasambaa ilikuwa sera ya nani alime, alime wapi na kwa saa zipi. Kazi ya jembe la mazao ya chakula ilikuwa juu ya wanawake kwa sehemu kubwa, hivyo saa za kuchimba matuta zilitoka kwao. Halafu kulikuwa na jambo ambalo mpimaji wa udongo asingeliona kwa vifaa vyake. Watu maskini, wanawake wengi miongoni mwao, walilima mashamba ya kuazima. Kwa desturi ya pale, anayeweka kitu cha kudumu kwenye ardhi huanza kuwa na dai juu yake. Mwenye shamba alipoona mwazimaji anaanza kujenga matuta aliingiwa na wasiwasi, na wapo waliorudisha mashamba yao mikononi. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyejifunza Kisambaa na kufanya utafiti kati yao kwa muda mrefu, ameyaeleza haya kwa kina. Upinzani ulipamba moto katikati ya miaka ya 1950, ukaungana na siasa za TANU, na kabla ya uhuru mpango ulikuwa umekwisha kuachwa.

Nimekaa kidogo kwenye kisa hiki kwa makusudi. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli na wataalamu hawakudanganya. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza nani analima kwa kuazima. Kwa kukosa swali hilo moja, mpango wa kuokoa udongo uliwagusa kwanza wale wenye akiba ndogo kuliko wote, na udongo wenyewe haukuokoka. Baba yako akikuuliza tena utamwambia nini asichokijua, mpe kisa cha Mlalo. Atakielewa mara moja, maana baharini nako kuna wanaovua kwa chombo cha kuazima.

Wapo waliotuachia zana za kufikiria. Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 1998, aliichunguza njaa ya Bengal ya mwaka 1943 iliyoua watu wanaokadiriwa kwa mamilioni. Alionyesha kwamba chakula hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kueleza vifo vile. Watu walipoteza njia ya kukipata: kibarua ambaye mshahara wake haukwenda na bei ya mchele, fundi aliyekosa wateja, na wavuvi. Wavuvi hasa, mwanangu. Mwaka 1942 serikali ya Uingereza, kwa hofu ya kuvamiwa na Wajapani, iliagiza maboti makubwa ya pwani ya Bengal yaondolewe au yaharibiwe. Ilikuwa amri ya kijeshi, haikutaja chakula hata kidogo. Mvuvi asiye na boti alikosa samaki wa kula, na akakosa samaki wa kubadilisha na mchele. Ukisoma Sen, jiulize kila mara: kwa kijiji chenu, njia za kupata chakula ni zipi? Kuvua mwenyewe, kununua, kukopa, kupewa kitoweo na ndugu, kuchokoa pweza mwambani. Sheria mpya inafunga njia ipi, na ya nani?

Mwingine ni Elinor Ostrom. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali ya wote lazima iharibike, kwa kuwa kila mtu atachota chake mpaka iishe. Serikali nyingi ziliipenda hoja hiyo kwa sababu inazipa ruhusa ya kuchukua kila kitu mikononi mwao. Ostrom alikusanya ushahidi kutoka kwa wavuvi wa Uturuki, wafugaji wa milima ya Uswisi na wamwagiliaji wa Hispania na Nepal, akaonyesha kwamba watu wameweza kutunza mali ya pamoja kwa vizazi, ikiwa wao wenyewe wanashiriki kutunga kanuni, mipaka inajulikana, walinzi wanawajibika kwao, na adhabu inaanza ndogo kabla ya kuwa kubwa. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi. Tanga ina sura yake katika habari hiyo: kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Ireland na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, vijiji vya pwani vilianza kukaa pamoja kupanga maeneo ya uvuvi, kufunga baadhi ya miamba na kushiriki doria dhidi ya baruti. Kazi ile ilikuwa na mafanikio na migongano yake, na wazee walioishiriki wengi bado wapo. Wafuate kabla ya kufuata maktaba.

Ila usimfanye Ostrom msahafu. Anakwambia jamii inaweza. Hakwambii jamii ni nani. Kijiji kina matabaka. BMU ya wanaume wenye vyombo inaweza kutunga kanuni nzuri kabisa kwa bahari na mbaya kabisa kwa mchuuzi wa beseni. Hata baruti, uhalifu uliopigwa marufuku tangu mwaka 1970 na ambao mimi siwezi kuutetea, ina upande wake wa kijamii: nimewasikia wanawake wa pwani wakieleza kwa nini mtu fulani hakuripotiwa. Ni kwa sababu alikuwa akigawa kitoweo mtaa mzima, na nusu ya mtaa ilikuwa na deni la shukrani kwake. Doria isiyojua hilo itashangaa kwa nini hakuna shahidi.

Sasa nikupeleke mahali pa kuliona jambo lenyewe. Nenda soko la Deep Sea mjini Tanga asubuhi mapema, au simama bandarini kwenu vyombo vinapoingia. Usianze na dodoso. Tazama ndoo. Kabla ya mnada, kitoweo kinatengwa: kila baharia anachukua samaki wake wa nyumbani. Samaki hao hawapiti kwa dalali, kwa hiyo daftari la mnada halina habari zao, na ndio wanaoliwa na watoto wa mabaharia usiku huo. Halafu dalali anamwaga mzigo chini, anapanga mafungu, anaanza kuita bei. Mbele wamesimama wenye maboksi ya barafu wanaonunua kwa ajili ya mahoteli, mabasi ya Dar es Salaam na viwanda. Nyuma yao wapo kina mama wenye mabeseni. Wanangoja. Nguru na kolekole wanakwenda mbele. Vibua, dagaa na samaki waliochubuka wanabaki kwa nyuma. Wengine hawana fedha mkononi, wanachukua mali kauli: beba sasa, lipa jioni. Mali kauli inasimama juu ya uaminifu wa miaka, na mama anayeshindwa kulipa mara mbili amejifungia mlango.

Fuata beseni moja. Mama anapara, anatoa matumbo, anatia chumvi, anawasha moto chini ya karai. Samaki mbichi bila barafu hafiki kesho; akikaangwa mkavu anakaa siku moja au mbili bila jokofu, na anaweza kuuzwa kipande kimoja kimoja. Hapo ndipo mtu mwenye shilingi mia tano anapoweza kula samaki. Hawezi kununua fungu zima kwa dalali, lakini kipande kwa mama huyu anakimudu. Mkaangaji ndiye anayemkatia maskini kipande cha ukubwa anaouweza.

Fikiri sasa kanuni yoyote inayopunguza samaki wanaofika bandarini kwa msimu mmoja: kufunga mwamba, kuzuia aina ya wavu, operesheni ya kukamata zana haramu. Mzigo unapungua, bei ya mnada inapanda. Mwenye boksi la barafu anaongeza dau kwa sababu mteja wake wa hoteli atalipa. Mama wa beseni harudi nyuma hatua moja tu, anatoka kabisa. Na akitoka yeye, mtaa mzima wa wanunuzi wa kipande wanabaki na mboga ya majani peke yake. Ripoti ya mradi itasema kipato cha wavuvi hakikushuka sana kwa sababu bei ilipanda, na takwimu hiyo itakuwa sahihi. Ndani ya usahihi huo mtoto wa jirani ameacha kula samaki, na hakuna safu ya kumwandika.

Hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Dagaa anayeliwa mzima, na mifupa yake na kichwa chake, ana madini ya chokaa na chuma ambayo minofu ya samaki mkubwa haina kwa kiwango hicho. Samaki mdogo wa bei ndogo ni dawa ya watoto hawa, na ndiye samaki ambaye sera nyingi za uvuvi humkumbuka kwa jina la wavu wake tu.

Mfano mwingine ambao ningekushauri uufikirie kwa utafiti wako ni wa pweza. Kufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache na kuufungua kulianza kujulikana Madagaska mwaka 2004, kijiji cha Andavadoaka, kisha wazo likasambaa hadi pwani yetu. Kisayansi lina mantiki nzuri: pweza anakua upesi na anaishi muda mfupi, ukimwacha miezi miwili mitatu unamkuta mkubwa. Kanuni za Tanzania zinakataza kuvua aliye chini ya gramu 500, na kufunga kunasaidia wengi wavuke hapo.

Lakini nani anavua pweza? Maji ya bamvua yakitoka na mwamba ukiwa wazi, wanawake na watoto wanashuka kwa miguu na vijiti vyao kuchokoa. Wanaume vijana wanakwenda kina zaidi kwa miwani ya kuzamia. Mwamba ukiwa umefungwa, kijana ana ngalawa ya mjomba, anakwenda kuvua kitu kingine. Mama anayechokoa hana chombo. Halafu inafika siku ya kufungua: wanunuzi wamekuja na mizani na barafu, wazamiaji wamekuja hata kutoka vijiji vingine, na pweza wakubwa wanaondoka kwenda viwandani na ng'ambo. Mwanamke aliyengoja miezi mitatu anapata alichofikia kwa miguu.

Kuna jambo la msimu pia, na hapa ndipo mtu wa pwani anapomzidi mgeni. Kusi ikivuma sana, kati ya Juni na Agosti, vyombo vidogo havitoki siku nyingi. Nyumba za wavuvi hupungukiwa. Siku hizo mwambani kwa miguu ndiko kunakobaki. Mwamba uliofungwa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na samaki ni wengi, unagharimu kidogo. Mwamba huohuo ukifungwa katikati ya kusi unaondoa chakula cha mwisho cha wiki ngumu. Kwa pweza tofauti inaweza isiwe kubwa. Kwa jiko ni kubwa mno. Ukienda kwenye kikao cha kupanga tarehe za kufunga, angalia nani anasema habari za jiko. Mara nyingi wanawake wamekaa nyuma kwenye mkeka, wamesaini mahudhurio, na muhtasari unasema "jamii ilishirikishwa". Omba uone muhtasari, kisha waulize walioketi nyuma walisema nini.

Sera nyingine nitazipitia haraka. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 ilisafisha fukwe zetu na naiunga mkono kwa moyo wote. Fuatilia tu mchuuzi mdogo anafungia nini samaki wake na nani analipia hicho kifungashio. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka Watanzania asilimia 80 wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni mkakati wa mapafu ya mama yako na wa misitu yetu, ikiwemo mikoko. Swali lako liwe la karai: mtungi mdogo wa gesi umepangwa kwa sufuria ya nyumbani, si kwa karai la biashara kwenye upepo wa pwani. Nani amefikiria jiko la mkaangaji?

Chuoni. Ukiambiwa tena mada si yetu, jibu kwa adabu. Sosholojia ya mazingira ina zaidi ya miaka arobaini kama uwanja unaotambulika; William Catton na Riley Dunlap waliutetea kwa nguvu mwaka 1978, wakiwaambia wanasosholojia wenzao waache kuichukulia jamii kana kwamba haikanyagi ardhi. Upande wa chakula, Harriet Friedmann na Philip McMichael waliandika mwaka 1989 jinsi biashara ya chakula ya dunia inavyopangwa na nguvu za kisiasa kwa vipindi. Hoja yao inasomeka vizuri ukiwa Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kupitia Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka hiyo yakatoka mashamba yaliyojaza mkoa, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Ardhi ya chakula ikawa ardhi ya kamba za meli, wafanyakazi wakaletwa kama manamba kutoka mikoa ya mbali na nchi jirani, na walipaswa kulishwa posho ya unga wa mahindi. Chakula cha mkoa huu kimeshapangwa upya na sera isiyotaja chakula. Mwenye kusema hiyo si sosholojia aeleze ni nini.

Kwa kuanza, punguza. Sera ya mazingira na mfumo wa chakula ni mada ya maisha, si ya uzamili. Chukua kanuni moja, samaki mmoja, kijiji kimoja, misimu miwili. Ningechukua kufunga pweza au kanuni moja ya wavu, niilinganishe kaskazi na kusi. Soma sheria kabla ya kwenda: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, Sheria ya Hifadhi za Bahari ya 1994, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mwongozo wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2014 kuhusu wavuvi wadogo, ambao unawataja waziwazi wachuuzi na wachakataji. Soma ukiwa na kalamu, uandike pembeni kila mahali ambapo wachuuzi wangepaswa kutajwa.

Kisha fuata samaki kutoka chombo hadi sahani, hatua kwa hatua, kwa siku nyingi na si kwa safari moja ya picha. Kwenye nyumba, tumia kipimo cha FAO cha mlo wa wanawake: unauliza alichokula tangu jana, unakipanga katika makundi kumi ya chakula, na aliyefikisha matano anahesabiwa amefika kiwango. Ni rahisi, kinalinganishika, na watu wa lishe watakusikiliza. Lakini usiishie kwenye namba. Uliza samaki aliyefika nyumbani aligawanywa vipi, nani alipata kichwa na nani alipata mchuzi, na mwezi wa kusi nani alianza kuacha kula.

Wewe ni mtoto wa hapo, na hilo ni faida yenye mzigo. Utaambiwa mambo ambayo mgeni hataambiwa: nani anatumia wavu haramu, nani alinunua samaki wa baruti. Majina hayo yasifike kwenye daftari lako hata kwa herufi ya kwanza, maana daftari linaweza kusomwa. Pata kibali cha chuo, barua ya mkoa na ya wilaya, na ujitambulishe serikali ya kijiji kama mtafiti hata kama mwenyekiti ni mjomba wako. Nyumba ya mama yako usiihesabu kwenye sampuli. Mama mwenyewe mfanye mwalimu wako: akusikilizie maswali kabla hujayapeleka kwa wenzake, atakwambia lipi linaudhi na lipi halina maana. Wala usiandike kijiji kana kwamba wote ni wema na serikali ni mbaya. Nimekutana na maafisa uvuvi waliobeba wilaya nzima bila boti wala mafuta, wakihukumiwa kwa kanuni wasizozitunga. Wapo kwenye mfumo nao, wahoji kwa heshima hiyohiyo.

Matokeo yarudi kwa kikao cha kijiji kwa Kiswahili cha kawaida kabla ya kufungwa jalada, na kikao kingine kiwe cha wakaangaji na wachokoaji peke yao, saa ambayo karai limezimwa.

Ama baba yako, usimwahidi kumfundisha samaki. Muulize, mbele ya mama, kitoweo cha kusi ya mwaka jana kilitoka wapi siku ambazo ngalawa haikutoka. Halafu nyamaza uwasikilize wote wawili, maana majibu yao huenda yasifanane. Kwenye tofauti hiyo andika ukurasa wako wa kwanza, unitumie. Kama unataka kuiwahi kusi ijayo, vibali vianze kuombwa mwezi wa pili, kwa sababu barua za wilaya huchukua muda.